Mashine Isiyoitikia Hodi

Bakari Mwidani alikuwa na adabu nyingi mno, na mimi sina subira na adabu za namna hiyo. Ukimwomba kalamu, atakuuliza kwanza umeamkaje, watoto hawajambo, na wazee kule nyumbani je, kisha ndipo ataanza kuitafuta kalamu. Mimi nimekulia Mwakirunge, karibu na machimbo ya mawe, ambako mtu akitaka kukwambia jambo hukwambia mara moja kabla baruti haijalia. Kwa hiyo haikuwa rahisi kwetu sisi wawili kufanya kazi pamoja katika chuo cha kompyuta pale Timbwani, Likoni, mimi mwalimu na yeye fundi, tukigawana kijichumba kimoja na feni moja iliyokuwa ikizunguka inapojisikia.

Hiyo ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Chuo chenyewe kilikuwa orofani, juu ya duka la mabati na misumari, na mashine zake zilikuwa zimeokotwa huku na huku. Baadhi zilitoka kwenye ofisi za Kipevu ambazo zilikuwa zikinunua mpya, nyingine mwenye chuo alizipata kwa marafiki zake, na moja ilikuja na stika za watoto ubavuni ambazo hatukuweza kuzibandua. Hapakuwa na mbili zilizofanana kwa nje, na kwa ndani ndiyo usiseme. Nilikuwa nikifundisha Pascal, lugha ya kuandikia programu, na kila mashine ilikuwa na Pascal yake. Hii toleo la nne, ile toleo la tano na nusu, ile ya dirishani la sita. Lugha ni moja, lakini matoleo yake hayasikilizani kila mahali. Mwanafunzi anaandika programu kwenye mashine hii na inakwenda vizuri, kesho anakaa kwenye nyingine na programu ileile inamgomea. Ananijia na uso umemshuka, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Masikini hakukosea popote, alikuwa amehama kiti tu.

Mwaka huo ndipo baraza la mitihani lilipokubali kwamba wanafunzi wetu wanaweza kufanya mtihani wa vitendo palepale Likoni badala ya kuvuka kwa feri kwenda kisiwani. Nililipigania jambo hilo hadi watu wa ofisi ya baraza wakawa wakinijua kwa sauti nikipiga simu. Walikubali kwa sharti moja: mashine zote ziwe na Pascal toleo la saba, wala si nyingine. Msimamizi atakuja kukagua, kisha atarudi siku ya mtihani wenyewe. Akikuta mashine yenye toleo jingine, basi, darasa litavuka kama zamani.

Kwa wengi wao kuvuka si jambo. Mtu wa Likoni amezoea feri kama alivyozoea ngazi za nyumbani kwake. Lakini katika darasa langu alikuwamo Mwanatabu, na Mwanatabu alikuwa havuki tena.

Mwaka uliotangulia, feri ilipopinduka pale Mtongwe asubuhi watu wakienda kazini, mdogo wake alikuwamo. Mwanarehema ndilo lilikuwa jina lake, na walikuwa wawili tu duniani, kwani mama yao alikufa mapema na Mwanatabu ndiye aliyemlea. Tangu siku ile hakukanyaga feri, wala mashua, wala hakushuka hata kule chini wanakopanga foleni. Shangazi yake aliwahi kumshika mkono wakafika mpaka kwenye wauza korosho, akatapika, wakarudi. Mwanatabu alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mpole, mwepesi wa kuelewa kuliko wote niliowahi kufundisha, na hoteli moja ya Diani ilikuwa imemwahidi kazi katika ofisi ya hesabu, upande huuhuu wa kusini, hakuna maji ya kuvuka. Walichotaka ni cheti. Na cheti kilitaka mtihani wa vitendo. Alikuwa amekwisha kukosa mmoja kwa sababu ulifanyika kisiwani, na baraza lilikuwa halimruhusu mtu kukosa mara mbili akabaki kwenye daftari lao.

Kwa hiyo nilipomwambia Bakari kwamba tunahitaji toleo la saba kwenye kila mashine, nilimwambia pia ni kwa ajili ya nani. Bakari alikuwa jirani yake Mwanatabu, nyumba mbili zimewatenga. Alitikisa kichwa akasema, "Inshallah dada Kache, tutaiweka."

Alianza kwa njia ya kawaida, yaani kwa diski. Pascal ilikuja katika diski kadhaa, unaingiza ya kwanza, unasubiri, mashine inakwaruza kama kuku anayetafuta punje, inakuomba ya pili, unaingiza, unasubiri. Ukimaliza mashine moja unahamia ya pili, na ukimaliza zote umekwisha kuwa mzee. Ubaya wake ni kwamba wanafunzi hawakukaa kumngojea. Kuna waliokuja na michezo yao kutoka kwa jamaa, wakakosa nafasi ya kuiweka, wakafuta chochote walichoona kikubwa. Mwingine alirudisha toleo la sita kwa sababu ndilo alilolizoea. Bakari akifika mashine ya mwisho, ya kwanza imeharibika. Nilimwona siku moja amekaa sakafuni katikati ya chumba, diski zimemzunguka, akiziangalia bila kuzigusa. Wiki nzima alikuwa amefanya kazi ile na tulikuwa palepale tulipoanza.

Asubuhi iliyofuata alinisubiri mlangoni.

"Dada Kache, umeamkaje?"

"Salama, Bakari. Una nini?"

"Na watoto?"

"Wazima. Una nini?"

"Ndoo uone kitu," alisema, akanivuta mpaka kwenye mashine kubwa iliyokaa chumbani mwetu, ile iliyounganisha zote kwa waya mweusi uliozunguka ukuta wa darasa. "Kila mashine ikiwashwa hupita kwenye waya ikaja hapa kujitambulisha kabla ya kufanya chochote, sivyo? Basi nimeandika maagizo. Mashine ikijitambulisha tu, maagizo yanafuatana nayo mpaka kwake, yanabisha hodi. Yanaiuliza, Pascal yako toleo gani? Ikijibu saba, yanaaga, yanaondoka, hayagusi kitu. Ikijibu sita au nne, yanaiondoa ile ya zamani, yanaweka saba kutoka hapa kwenye mashine kubwa, halafu yanauliza mara nyingine kuhakikisha."

"Na kesho?"

"Kesho mashine ikiwashwa yanabisha tena. Kila siku ya Mungu. Iliyo sawa haisumbuliwi, iliyoharibiwa inatengezwa. Mimi na wewe tumekaa hapa na kahawa yetu."

Lazima niseme nilifurahi. Nilifurahi sana hata nikamwambia, jambo ambalo silifanyi mara kwa mara. Kisha nikauliza swali ambalo mtu wa Mwakirunge lazima aulize.

"Na mashine isipojibu?"

"Yanabisha mara tatu. Ikinyamaza, yanarudi."

"Yanarudi wapi?"

"Yalikotoka. Ndivyo tulivyofunzwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo, ndivyo alivyofunzwa babangu. Umebisha mara tatu hukuitikwa, huingii katika nyumba ya mtu."

"Bakari, hiyo si nyumba. Ni kompyuta, na ni ya chuo."

"Hata," alisema, wala hakukasirika, maana hakasiriki. "Mashine iliyonyamaza huenda diski yake ya ndani ni mgonjwa. Ukiingia kwa nguvu ukaanza kuandika, utafuta kazi za watu. Bora kuiacha mpaka binadamu aende akaiangalie."

Jibu hilo liliniudhi. Niliyaita maagizo yake Hodi, kwa kumcheka, na yeye akalipenda jina akaliandika kabisa kwenye mashine. Asubuhi darasa likiwasha kompyuta, unaona kwenye kila skrini mstari mmoja, HODI, na chini yake jibu. Mara ya kwanza majibu yalikuwa ya kila namna, na mashine zikashughulika kwa muda mrefu huku wanafunzi wakipiga soga. Mara ya pili zote zilijibu saba na tukaanza somo kabla chai haijapoa. Yule mpenda toleo la sita alilirudisha siku moja kwa siri. Kesho yake Hodi ikalitoa bila kumsema, akabaki anaangalia skrini kwa mshangao. Nikawaambia darasa kwamba asiyeamini ajaribu, na walijaribu, na hawakuweza.

Bwana Garama, msimamizi wa baraza, alikuja kukagua mtihani ulipokaribia. Alikuwa mzee mrefu wa Kaloleni, miwani yake imefungwa kwa uzi, na nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya binti mwema ambayo wanafunzi wangu hawajapata kuisikia. Alipita kwenye kila mashine, akaiuliza mwenyewe, akapata saba. Alimwuliza Bakari ni mafundi wangapi walioifanya kazi ile. Bakari akamweleza habari ya Hodi, taratibu, kuanzia mwanzo, na Bwana Garama akasikiliza mpaka mwisho kwa sababu naye alikuwa mtu wa aina hiyohiyo.

"Basi hiyo Hodi nimeikubali kuwa ni sehemu ya kituo," alisema. "Lakini siku ya mtihani diski haiingii chumbani humu. Diski ni za baraza peke yake. Na nikishafungua bahasha, hakuna mkono utakaogusa mashine ila wa mtahiniwa."

Tulikubali yote. Nilipomwambia Mwanatabu kwamba kituo kimepita, alinishika mkono akaushikilia, na mimi nikajifanya nina haraka ya kwenda mahali.

Ijumaa kabla ya mtihani, mashine ya dirishani ilitoa mlio wa bati linaloburutwa, ikafa. Diski yake ya ndani ilikuwa imekwisha. Bakari hakubabaika. Aliitoa, akatafuta nyingine stoo, ya zamani kidogo lakini yenye afya, akaifuta yote, akaiwekea vile vinavyohitajika ili mashine iamke na kupita kwenye waya, akafunga parafujo.

"Haina kitu ndani," aliniambia akifuta mikono. "Jumatatu ikiwashwa, Hodi itaijaza."

Nilikubali, na nani asingekubali? Hodi ilikuwa haijashindwa hata siku moja. Tulichokuwa hatujakifikiria, yeye wala mimi, ni kwamba tulikuwa hatujawahi kuijaribu kwenye mashine tupu. Zote tangu mwanzo zilikuwa na Pascal ya aina fulani ya kuitikia, hata kama ni ya miaka ya nyuma. Mashine tupu hatukuwa nayo mpaka siku ile.

Jumatatu wote walikuja mapema. Mwanatabu alivaa buibui jipya, na alikuwa ameleta kalamu za ziada kwa ajili ya wengine, ingawa mtihani ulikuwa wa kompyuta. Bwana Garama alifika na bahasha zake chini ya kwapa, akaweka vikaratasi vya namba ndani ya kofia yake, kila mtu akachukua kimoja. Idadi ya watahiniwa ilikuwa sawa na ya mashine, hapakuwa na kiti cha ziada. Mwanatabu akapata ya dirishani.

Waliwasha. HODI, saba. HODI, saba. Nilikuwa nikipita nyuma ya viti moyo umetulia, mpaka nikamsikia ananiita kwa sauti ndogo.

"Mwalimu."

Kwenye skrini yake palikuwa na HODI mara tatu, moja chini ya nyingine, na chini yake hapakuwa na kitu. Aliandika jina la Pascal, mashine ikamwambia haijui kitu hicho. Aliandika tena, ikamwambia vilevile.

Bwana Garama alikuja, akainama, akatazama. Hakuwa mtu mbaya. Alinitoa pembeni na kuniambia kwa upole, jambo lililonichoma zaidi kuliko kama angenifokea.

"Mwanangu, huyu hana mashine. Kituo cha kisiwani kina kipindi cha mchana na nafasi ziko. Nitampa hati yangu. Akishika feri asubuhi hii atafika kabla hawajaanza."

"Baba, huyu hawezi kupanda feri."

"Anaumwa?"

"Mdogo wake alikufa Mtongwe."

Akavua miwani. Akasema bahasha ya kipindi cha asubuhi inafunguliwa saa tatu kamili nchi nzima, hilo si lake kulibadilisha, na mpaka hapo hajali tunafanya nini nje ya chumba, mradi diski isiingie. Nikatoka mbio.

Bakari alikuwa amekwisha kuona. Alikaa mbele ya mashine kubwa, uso umempauka.

"Imebisha mara tatu," alisema. "Haikuitikwa, ikarudi. Mashine haina Pascal, nani angeitika?"

"Adabu zako!" nilimwambia, na sikupunguza sauti. "Adabu zako Bakari ndizo zitakazomvusha Mwanatabu maji yeo hii! Ifute hiyo ya kurudi. Ifute iingie!"

"Ngoja, dada Kache, ngoja. Diski ile ni ya zamani. Haikujibu kwa kuwa ni tupu, au kwa kuwa na yenyewe imeanza kuharibika? Lazima niandike iulize kwanza kama kuna nafasi, iulize kama inaandikika, halafu—"

"Muda wa kuuliza huna!"

"Nikiingia kwa nguvu nikaiua?"

"Ikifa imekufa! Sasa hivi anayo?"

Alijua nina haki. Lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kuandika masharti, moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayevua viatu mlangoni na huku nyumba inaungua. Nilitamani kumsukuma niandike mwenyewe. Wakati huo ndipo nilipomwona Mwanatabu amesimama kwenye kizingiti, mkoba begani.

"Bwana msimamizi ameniambia nije niulize," alisema. "Kama haiwezekani, anipe hati."

"Inawezekana," nilisema.

Hakuniangalia. Alikuwa akimwangalia Bakari. "Kaka Bakari, mashine imefanya nini?"

"Yenyewe haina kosa," Bakari alijibu, macho hayatoki kwenye skrini. "Ni mimi. Niliyafunza maagizo yabishe mara tatu. Yasipoitikwa, yarudi."

Chini dukani mtu alikuwa akikata bati, na tulisikia kila mkato.

"Kama siku ile," alisema.

"Siku gani?" niliuliza mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyo.

"Siku ya Mtongwe. Habari zilipofika mtaani, watu walikuja kwangu. Walibisha hodi mara tatu. Nikawasikia wanasema hayupo, lazima ameshakwenda ufukweni na wenziwe. Wakaenda zao." Alikuwa akisema bila kupandisha sauti wala kuishusha, kama anayesoma jibu la hesabu. "Nilikuwa ndani. Nimekaa chini, mgongo kwenye mlango wa chumba."

Bakari aliacha kuandika.

"Na wewe ulikuwamo, kaka Bakari. Ndiwe uliyebisha. Sauti yako naijua."

"Mwanatabu," alisema. "Wallahi tulidhani hupo. Nyumba ilikuwa kimya. Sote tulikuwa tukikimbia huku na huku, kila nyumba ina wake..."

"Najua. Sikulaumu, na sitakulaumu. Nakwambia tu nilikuwa ndani na kinywa hakikufunguka. Nilikusikia ukibisha, nikitaka kusema karibu, na neno halitoki. Nilikaa vile mpaka magharibi, shangazi alipofika kutoka Ng'ombeni. Yeye hakubisha. Aliusukuma tu mlango wa nje, na ukafunguka, kwani sikuwa nimetia komeo."

Bakari alikuwa akiuangalia ubao wa herufi. Kisha akayafuta yale masharti yote aliyokuwa ameanza kuandika. Akapanda juu, mpaka kwenye mstari unaosema rudi, akaufuta. Mahali pake aliandika neno moja, ingia.

"Nenda ukaizime," alimwambia, bila kugeuka. "Halafu uiwashe."

Nilikwenda naye. Bwana Garama alikuwa amesimama mbele ya darasa, bahasha mkononi, akiihesabu mihuri yake kwa uangalifu mkubwa sana, na alipoiona miguu yetu ikiingia alianza kuihesabu upya. Mwanatabu alizima. Aliwasha. Mashine ikakohoa, ikapita kwenye waya, ikajitambulisha. HODI. Kimya. HODI. Kimya. HODI. Nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti chake kwa nguvu hata vidole vikauma. Kisha majina ya mafaili yakaanza kuteremka, moja, moja, halafu mengi, na taa ndogo nyekundu ya diski ikawa inawakawaka bila kupumzika. Ilichukua muda. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa cha Bwana Garama, na nilijizuia kuitazama, nikaitazama.

Diski ile kuukuu haikufa. Majina yalisimama, mashine ikajiuliza yenyewe kama Bakari alivyoifunza tangu mwanzo, na jibu likatokea: saba.

Bwana Garama alikuja akasoma kwa miwani, akasoma bila miwani. "Haya," alisema. "Kaeni." Akafungua bahasha.

Nitasema hapahapa ili msikae mkijiuliza: Mwanatabu alifaulu, na vizuri, na yuko Diani katika ofisi ile ya hesabu, na mpaka leo hajavuka. Niliwahi kumwuliza kama anataka kujaribu siku moja, pamoja nami. Akaniambia hapana, mwalimu, na nilimwelewa.

Lakini siku ile nilitoka darasani kwa kunyata, kwani mwalimu haruhusiwi kubaki. Nilikuwa na furaha ya kupasuka na nilitaka mtu wa kumwambia. Bakari hakuwa chumbani mwetu. Mashine kubwa ilikuwa ikinguruma peke yake, kiti kimesukumwa nyuma. Nilimkuta kwenye ngazi za nje, zinazoshukia dukani, amekaa kwenye kidato cha juu na viwiko magotini. Nilidhani anapumzika.

"Imepita!" nilimwambia. "Saba! Umeona?"

Hakuniuliza habari za watoto wala za wazee. Hakuniita dada. Aliinua uso, na uso ulikuwa umelowa mpaka kwenye ndevu.

"Kache," alisema, "mkono wangu ulikuwa kwenye mlango ule."

Nikakaa karibu naye kwenye kidato, na tukakaa hapo mpaka watahiniwa walipoanza kutoka.